Bunduki ya kale ya mitutu mitatu inakula risasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Ujerumani, nina leseni ya uwindaji ya hapa (wanaiita Jagdschein), na bunduki ninayoipenda kuliko zote ina umri wa kuwa babu yangu. Tangu niinunue, Waswahili wenzangu wawindaji wananiuliza mambo yale yale kwa simu, kwenye nyama choma, hata msibani. Nimeyakusanya hapa. Ninaposema risasi ninamaanisha kitu kizima: ganda, fataki (kiwashio cha baruti), baruti na kichwa. Kile kinachoruka nitakiita kichwa.

Drilingi ni nini hasa?

Ni bunduki ya mitutu mitatu kwenye kitako kimoja. Jina linatokana na "drei", yaani tatu kwa Kijerumani. Umbo lililozoeleka ni mitutu miwili ya shotigani juu, ubavu kwa ubavu, na mmoja wa raifoli chini katikati. Sababu yake ni msitu wenyewe. Asubuhi moja mtu anaweza kukutana na fezanti (ndege mkubwa wa porini) anayeruka, sungura anayekatiza, na kabla hajaondoka nguruwe pori akajitokeza. Hakutaka kubeba bunduki mbili.

Ina ndugu zake. Büchsflinte ina mtutu mmoja wa raifoli na mmoja wa shotigani. Vierling ina minne, na ukiibeba kutwa nzima bega litakukumbusha. Nyingi zimetoka Suhl, mji wa mafundi bunduki huko Thuringia, penye majina kama J.P. Sauer & Sohn (tangu 1751), Merkel na Krieghoff. Upande wa Austria kuna Ferlach. Wakati wa Vita vya Pili hata marubani wa Ujerumani walipewa drilingi ya Sauer, modeli M30, ya kujiokoa nayo wakianguka nyikani. Ile ilikuwa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani) na raifoli ya 9.3x74R, yaani kichwa cha milimita 9.3 na ganda la urefu wa 74. Ukiiona kwenye mnada, jiandae kwa bei ya gari.

Majibu yafuatayo yanahusu zote, si drilingi peke yake.

Muuzaji ameniambia ni "milimita nane na geji kumi na sita". Haitoshi?

Haitoshi. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia "nakaa Kariakoo". Milimita nane ziko za aina nyingi, na zisizoelewana. Geji 16 nayo ina urefu wa aina mbili wa chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya mtutu. Muuzaji huenda si mwongo. Anarudia tu alichoambiwa na aliyemuuzia. Anayejua ni bunduki yenyewe.

Nianzie wapi?

Ivunje, yaani tenganisha mitutu na kitako, kisha igeuze juu chini kwenye taulo. Sehemu bapa ya chini ya mitutu, karibu na chemba, imejaa mihuri midogo. Chukua kioo cha kukuzia na tochi, uiwashe kutoka ubavuni ili kivuli kiinue herufi. Piga picha kabla ya kusugua chochote. Watu wameng'arisha mihuri hiyo kwa msasa wakidhani ni uchafu, na historia ikaondoka na vumbi.

Mihuri hiyo inasema nini?

Hapa ndipo penye utamu, nitakaa kidogo.

Ujerumani ilipitisha sheria ya kupima silaha mwaka 1891, ikaanza kutumika 1893. Kila mtutu ulifyatuliwa kwa mzigo wa baruti na kichwa mzito kuliko kawaida, na uliosalimika ukagongwa muhuri. Mihuri ya zamani ina taji juu ya herufi. G ni mtutu wenye mifuo (mifereji iliyojisokota ndani), yaani raifoli. S ni wa marisau, yaani shotigani. W ni wenye choki, yaani uliobanwa kidogo mdomoni. U ni kwamba umekaguliwa baada ya jaribio. N, iliyokuja baadaye, ndiyo ya kutafuta kwa hamu, kwa sababu inasema mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940, chini ya sheria ya 1939, taji likatoka na tai akaingia.

Tarakimu sasa. Kwenye bunduki za mwanzo utaona kitu kama 118,35 au 172,28 (mkato wa Kijerumani ni nukta yetu), na watu huchanganyikiwa kabisa. Ni geji tu! Geji ni idadi ya goroli za plumbi zenye upana wa mtutu zinazotimiza ratili moja: goroli 16 kwa ratili, geji 16. Wajerumani walitumia hesabu hiyohiyo hata kwa raifoli, kwa hiyo 118,35 ni tundu la karibu milimita 8.64, na 172,28 ni karibu 7.62. Lakini angalia: hapo wamepima juu ya matuta ya mifuo, si ndani ya mabonde yake. Kichwa cha risasi hufuata mabonde. Ndiyo maana bunduki yenye 118,35 inaweza kuwa ya kichwa cha milimita 9.3, na mtu akaapa kwamba mihuri inadanganya.

Baadaye wakahamia milimita, na mambo yakawa rahisi: 8,7/72 ni tundu la 8.7 na ganda la urefu wa 72, yaani unaelekea kwenye 9.3x72R. Mara nyingi, hasa kuanzia miaka ya 1920, utakuta pia mwezi na mwaka. Yangu ina 4.28: Aprili 1928.

Kuna na maandishi ya mzigo, mfano "2,67 g G.B.P. St.m.G." Maana yake ni gramu 2.67 za baruti ya vipande bapa ya bunduki, na kichwa chenye koti la chuma. Hiyo ni kumbukumbu ya mzigo waliotumia wao. Usiichukue kama kipimo cha kupikia risasi zako nyumbani, maana baruti ile si ya leo, na gramu ileile ya baruti nyingine inaweza kuipasua bunduki.

Mihuri imefutika, au hailingani na alichoniambia muuzaji. Nifanye nini?

Pima. Vipimo ni viwili, na fundi bunduki yeyote anayejiheshimu anavijua.

Cha kwanza ni tundu. Goroli ya plumbi laini husukumwa taratibu mtutu mzima, ikitoka inakuwa imechongwa umbo la mifuo. Unaipima kwa maikromita kwenye sehemu pana zaidi. Cha pili ni chemba. Anamimina madini yanayoyeyuka kwa joto la chini kuliko maji yanayochemka, kwa mfano Cerrosafe, yanaganda, anayatoa kama unavyotoa kashata kwenye sinia. Madini hayo husinyaa kidogo kisha hutanuka, kwa hiyo vipimo huchukuliwa saa moja baada ya kumwaga, si mapema.

Ukiwa na hivyo viwili mkononi, ganda na kichwa vinajulikana. Usianze kwa kuingiza risasi moja moja kutoka kopo la mchanganyiko ili uone ipi itaingia. Risasi kuingia si kibali.

Hii habari ya 8x57 I, IS, IR na IRS inanichanganya. Nieleze polepole.

Hili ndilo swali linaloniamsha usiku, na ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilipata risasi mpya ya ganda la milimita 57, yenye kichwa cha karibu milimita 8.08. Hiyo ndiyo I, ya Infanterie. Kwa mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule I ilifanana na J, kwa hiyo hadi leo utaona 8x57J na 8x57JR. Ni kitu kilekile. Mwaka 1905 jeshi likabadili: kichwa chenye ncha kali, kinene zaidi, karibu 8.20, na presha kubwa. Hiyo ikaitwa S. R inamaanisha ganda lina ukingo chini, ambao bunduki zinazofunguka kwa bawaba hupenda kwa sababu unashikwa vizuri na kitoa maganda.

Kwa hiyo IR ina ukingo na kichwa chembamba. IRS ina ukingo na kichwa kinene. Tofauti ni kama milimita 0.12. Chukua karatasi ya daftari uishike kwa vidole: unene wake ni takriban huo. Lakini kichwa kinene kikisukumwa kwenye tundu jembamba, presha inapanda pasipostahili, na kilicho karibu na presha hiyo ni uso wako.

Mafundi wa bunduki za uwindaji hawakubadili siku jeshi lilipobadili. Waliendelea kutengeneza mitutu ya zamani kwa miaka mingi baadaye, hata yangu ya 1928. Aliyeniuzia aliniongezea sanduku zima la IRS kama zawadi, kwa roho safi kabisa. Zilikuwa zinaingia kwenye chemba bila kinyongo. Nilizipeleka zote kwa fundi pamoja na bunduki, naye hakusema neno. Alisukuma goroli, akaipima, akanigeuzia maikromita niisome mwenyewe. Ilisoma 8.08. Lile sanduku alilibakiza pale kwake.

Kanuni yangu ni hii: drilingi ya milimita nane isiyo na S ya aina ya risasi iliyogongwa waziwazi (si ile S yenye taji ya marisau) ni ya kichwa chembamba mpaka goroli iseme vinginevyo.

Yangu ni 9.3x72R. Ni risasi ya nini?

Ni mzee mpole. Ganda refu lililonyooka, asili yake enzi za baruti nyeusi, presha ndogo. Sellier & Bellot ya Ucheki huzitengeneza, kichwa cha gramu 12.5, mwendo wa karibu mita 590 kwa sekunde kinywani mwa mtutu. Usiichanganye na 9.3x74R, ambayo ni kijana mwenye misuli na presha ya juu zaidi. Tarakimu zinafanana, basi.

Mambo mawili. Kwanza, zamani karibu kila fundi alikuwa na 9.3x72R yake, na mapana ya tundu yalitofautiana. Sauer alikuwa nayo hata yenye shingo, umbo jingine kabisa. Kwa hiyo hata hapa, pima. Pili, sheria ya uwindaji ya Ujerumani inadai nguvu ya joule 1,000 umbali wa mita 100 kwa paa mdogo wa huku, na kwa wanyama wengine wa kwato joule 2,000 na upana usiopungua milimita 6.5. Mzee wetu hafiki 2,000 kwenye mita 100. Kwa paa huyo yuko halali. Kwa nguruwe pori hayuko halali, hata kama babu yake mwenye bunduki aliwaangusha kumi kwa mwaka.

Mitutu ya shotigani ina shida gani? Geji 16 si geji 16?

Upana ni ule ule, urefu wa chemba ndio tatizo. Bunduki nyingi za Kijerumani za kabla ya vita zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za geji 16 zinazouzwa leo ni za 70.

Utaniambia: "Mbona ya 70 inaingia vizuri?" Ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Ile 70 ni urefu wa ganda likiwa limefunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa kama nyota, urefu hauzidi milimita 60, kwa hiyo inateleza ndani kimya kimya. Ukifyatua, mikunjo inafunguka kutafuta nafasi ya milimita 70 ndani ya chemba ya 65. Milimita tano za plastiki zinaingia kwenye shingo ya mtutu wakati marisau yanataka kupita hapohapo. Njia inabanwa, presha inapanda. Mara nyingi bunduki haitapasuka siku hiyo. Italegea bawaba, kitako kitapata ufa nyuma ya chuma, na miaka mitatu baadaye utauliza kwa nini. Maganda yaliyofyatuliwa hivyo yana ushahidi: mdomo wa plastiki umechanika na kuchakaa kama ncha ya mswaki wa mti.

Tafuta namba ya geji ndani ya duara na uone kama kuna urefu umegongwa karibu yake. Kama hakuna, ihesabu kuwa 65 mpaka kipimo cha chemba kikatae. Nunua sanduku lililoandikwa kwamba ni la chemba za 65, marisau gramu 26 hadi 28, mzigo wa wastani. Bunduki nyingine zimeshaongezwa chemba hadi 70 na fundi fulani. Sawa, ila dai kuuona muhuri wa jaribio jipya baada ya kazi hiyo. Bila muhuri, kuna mtu alipunguza chuma cha mtutu wako na hakuna aliyehakiki kilichobaki.

Marisau ya chuma je?

Hapana. Ni magumu, mitutu ya kale ina kuta nyembamba na choki za kubana sana. Shida ni kwamba Umoja wa Ulaya umezuia marisau ya plumbi kwenye maeneo ya majimaji na mita 100 kuyazunguka tangu tarehe 15 Februari 2023. Ukiwinda bata, tumia bismuthi, ambayo ni laini. Bei yake itakufundisha kulenga.

Naweza kufyatua kichwa kimoja kikubwa kutoka mtutu wa shotigani?

Kinaweza, kikiwa cha aina ya Brenneke, iliyobuniwa mwaka 1898 ikiwa na mbavu za plumbi zinazokubali kubanwa na choki. Sharti la 65 linabaki palepale. Kwa wanyama wa kwato Ujerumani hairuhusu marisau kabisa, kwa hiyo hiki ndicho pekee cha mtutu wa juu. Ijaribu kwanza kwenye shabaha. Baadhi ya bunduki hukitupa mbali na pale unapoangalia.

Mitutu yangu ina michoro kama mawimbi. Ni nini?

Dameski: vyuma viwili vimesokotwa na kufuliwa pamoja. Kama haina muhuri wa baruti isiyo na moshi, itundike ukutani. Kama inao, mpelekee fundi akague ndani kwa kutu iliyochimba. Mitutu iliyoandikwa "Krupp Flussstahl" ni ya chuma cha kuyeyusha na ndiyo utakayoikuta zaidi.

Nimekuta risasi za zamani ndani ya sanduku la bunduki. Nizitumie?

Usizitumie. Fataki za zamani zina chumvi inayokula mtutu, baruti huoza, na hujui nani alizijaza. Lakini usizitupe kabla ya kusoma maandishi ya chini ya ganda. Hizo ni shahidi mzuri wa alichotumia mwenye bunduki. Shahidi tu, si hakimu. Naye alikuwa anaweza kukosea. Baadaye zikabidhi kwa muuza silaha au polisi, na sanduku la karatasi, kama ni zima, linaweza kupata mkusanyaji.

Hazipatikani dukani. Nitanue chemba iwe ya risasi ya kisasa?

Usiguse chuma. Kuna njia nyingine: fundi anayejaza risasi kwa kuagizwa, au wewe mwenyewe, ukiwa na kibali cha baruti ambacho hapa kinatolewa chini ya sheria ya vilipuzi baada ya kozi. Kuna pia vimtutu vya kuingiza ndani ya mtutu wa shotigani, mfano vya .22 Hornet, vinavyokupa raifoli ndogo bila kuharibu kitu. Risasi za 8x57IR nazo hutoka kwa vipindi. Ukizikuta, nunua za miaka mitatu. Mke wangu hakuielewa hoja hii mara ya kwanza.

Nimepata risasi sahihi. Mbona hazipigi pale ninapolenga?

Kwa sababu mitutu imeunganishwa kwa kulehemu na kupangwa kwa uzito mmoja wa kichwa. Anza na uzito unaokaribia ule uliogongwa chini. Kisha fyatua moja, subiri mtutu upoe kabisa, fyatua nyingine. Mtutu mmoja ukipata joto na mwenzake akiwa baridi, bunduki inajipinda kidogo na shimo linapanda juu. Mtu anayefyatua tano mfululizo atalaumu risasi bure.

Jifunze pia swichi. Kwenye drilingi nyingi, ukisukuma kitufe cha juu mbele, kilengeo cha nyuma kinasimama na kifyatulio cha mbele kinahamia kwenye raifoli. Kifyatulio hicho ukikisukuma mbele kinatega, na baada ya hapo pumzi tu inatosha. Ukitega kisha mnyama akaondoka, fungua bunduki kwanza, toa risasi, ndipo utegue. Fyatua za mwanzo uwanjani, fundi akiwa karibu. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu mitutu, ofisi za serikali za kupima silaha, kama ya Suhl kwenyewe au ya Ulm, zitaijaribu tena.

Marehemu mzee ameacha bunduki ya namna hii nyumbani Tanzania. Nitafutie risasi?

Hapana ndugu yangu, pole kwa msiba. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Silaha ipelekwe polisi kwanza, na anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwa walioko Kenya, uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977. Mambo ya geji tutayazungumza karatasi zikishakuwa sawa, na hata hapo kituo cha kwanza ni fundi.

Wewe unatumia nini?

Juu ni geji 16, chemba 65, marisau gramu 27. Chini ni 8x57IR, kichwa cha gramu 12.7. Nimeyaandika hayo kwenye kikaratasi, pamoja na kipimo cha goroli na tarehe ya kupimwa, nikakibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki. Nilipoinunua, pale palikuwa na alama ya gundi tu, mraba wa rangi ya chai, na karatasi ilishadondoka zamani.